Mpagazi Aliyepitishwa Kwao

Ulikuwepo. Usikunje uso kana kwamba umesingiziwa. Siku lori lile liliposimama Kasulu ulikuwa pale pale unachagua muhindi wa kuchoma, na ulipoona watu wamekalishwa nyuma kama magunia ya mkaa, macho yako yakakimbilia kwenye simu. Na kama hukuwepo Kasulu, basi unayo ile kalenda ukutani, yenye mlima mweupe kileleni, weupe wa majivu wala si wa theluji, na mbele ya mlima wageni wanne wametabasamu. Nyuma yao, pembeni kabisa, kuna mtu ana sanduku kichwani. Kalenda umeitazama mwaka mzima. Mtu yule hukumwona hata siku moja. Anaitwa Nicodemus, wa Heru Juu. Mkewe ni Josephina. Kaa chini usikilize, maana zamu hii hutaambiwa kwamba haikuhusu.

Nyumbani kwa Josephina simu haishiki mtandao mpaka upande kichuguu kilicho nyuma ya shamba la mihogo. Hapo ndipo alipokuwa akisimama kila jioni tangu mumewe aende kaskazini. Gharibu, mtoto wa Kasulu aliyekuwa mpishi wa watalii huko Arusha, ndiye aliyekuja na habari kwamba kuna safari ya miguu ya siku nyingi, watu wanavuka nyanda za juu zenye milima iliyowahi kutapika moto, na wanatafutwa wanaume wenye shingo ngumu. Nicodemus alikuwa na shingo. Maharage yalikuwa yameungua na jua mwaka ule, na shingo ndiyo mali iliyobaki.

"Mama Theodosia," sauti ya mumewe ilikuja na upepo, maana hata yeye alikuwa amepanda mahali kutafuta mtandao, "leo tumelala ukingoni mwa shimo. Yaani mlima ulipasuka tumbo, ukabaki kama bakuli. Ndani ya bakuli kuna ziwa, na ziwani ndege wekundu, wengi kama nzige."

"Na baridi je?"

"Weee! Asubuhi nyasi zinavunjika chini ya mguu kama vioo. Sisi Waha tunaringa na baridi yetu, kumbe hatuijui."

"Wanakubebesha nini?"

"Mizigo ya wageni."

"Mwambie shemeji ukweli!" Gharibu alipiga kelele kutoka nyuma. "Shemeji, amebeba choo!"

"Choo?"

"Kiti cha choo, na kihema chake. Mgeni hachuchumai porini, magoti yake hayakuzoea. Mizigo mingine punda wanabeba, lakini choo lazima kiwe karibu na mwenye haja. Mumeo ndiye waziri wa choo!"

Josephina alicheka mpaka akashika mti. Alipokwisha kukata simu akaacha kucheka. Yule ni mwanamume ambaye nyumbani hakukubali hata kuonekana amebeba ndoo ya maji.

Jioni iliyofuata Nicodemus alimweleza habari za mlima wenyewe. Umesimama peke yake, alisema, umechongoka, unatoa moshi kama jiko la mtu anayeishi humo, na Wamasai wanasema kweli kuna anayeishi humo, naye ni Mungu. Walikuwa wanateremka bonde kuufuata. "Huko chini mtandao hakuna. Usiponisikia usihangaike."

Hakumsikia. Akahangaika.

*

Aliyepiga alikuwa Gharibu, amepanda kilima kutafuta mtandao, na safari hii hakuwa na utani.

"Shemeji, umekaa?"

"Sema."

"Ni mguu. Umevunjika chini ya goti. Tulikuwa tunashuka korongo la majivu. Majivu yale, shemeji, ukikanyaga vibaya yanaondoka na wewe. Sasa mgeni mmoja tumbo likamshika, kiongozi wa msafara akapiga kelele: choo, choo mbele, haraka! Nico akakimbia na sanduku kichwani."

Josephina alikaa juu ya kichuguu. "Yuko wapi?"

"Aliachwa zahanati moja huko bondeni. Kiongozi alisema atarudi kumwangalia."

"Amerudi?"

"Safari imeshalipiwa, shemeji. Wageni wana siku ya ndege. Walipanda mlima wao, wakashuka, sasa tunaelekea ziwa jingine."

"Na wewe?"

"Mimi napika," akasema Gharibu, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

Kisha akatoa lililobaki, alilosimuliwa kwa simu na muuguzi wa zahanati. Homa ilipompanda, Nicodemus aliongea Kiha. Aliita mama yake, aliomba maji, yote kwa Kiha. Mtu mmoja pale zahanati akasikiliza, akasema, hiyo ni lugha ya Burundi. Nawe unaujua mwaka ule: mwaka wa msako wa wahamiaji, mwaka ambao jirani alimtazama jirani puani na kumwuliza umetoka wapi. Askari wakaja kumchukua. Kadi yake ya mpiga kura ilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa juu ya punda, na punda walikwisha kutangulia na wageni.

"Wanaye kituoni. Nimewapa namba yako. Afisa atakupigia akuulize, na ukijibu vizuri wanamwachia. Jibu haraka, shemeji. Usisitesite. Wakisikia mtu anasita wanasema amedanganya."

*

Josephina hakushuka kichuguuni. Baba mkwe wake alimfuata huko huko, akakaa chini kwenye nyasi, fimbo mapajani, sikio lake zima likiwa limeelekea simu. Mzee huyu jina lake ni Minani, jina wanalopewa Waha waliozaliwa wa nane. Ujanani alipakiwa treni kwenda kukata mkonge Tanga. Siku zile mabwana wa mkonge walipotaka mikono, hakuna aliyemwuliza kama ni Muha au Mrundi. Walimbana msuli wa mkono, wakasema panda. Hayo yameandikwa mgongoni kwa wazee wengi wa Kigoma, na anayesema ameyasahau hajawahi kuyajua.

Basi simu ikalia.

"Wewe ndiye mke wa Nicodemus?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Shikamoo."

Shikamoo haikupokewa. "Jina kamili la mumeo."

"Nicodemus."

"Nicodemus nani?"

Hapo ulimi wa Josephina ukasimama. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za mlima wa Heru Juu, mke hatamki jina la baba mkwe. Si mbele yake, si nyuma yake, si kisimani. Tangu aolewe hakuwahi kulitia mdomoni. Kliniki, muuguzi alipouliza majina matatu ya mtoto, Josephina alimgeukia wifi yake ajibu. Hata akihesabu mafungu ya dagaa, baada ya saba alisema "na moja zaidi," kisha tisa, kwa sababu nane inalikaribia mno jina la mzee. Hiyo ndiyo heshima aliyofundishwa na mama yake kwa kofi. Na mwenye jina alikuwa ameketi karibu kiasi cha kumgusa bega.

"Bibie, nimekuuliza. Baba yake mumeo anaitwa nani?"

"Ni... ni mzee wa hapa nyumbani."

"Ana jina hana?"

"Analo, mheshimiwa."

"Litaje."

"Mheshimiwa, kwetu sisi mtu na mkwe wake..."

"Kwenu wapi?"

"Huku huku. Heru Juu, Kasulu. Mheshimiwa, yuko hapa mwenyewe, ngoja nikupe uongee naye." Akamsogezea mzee simu, akifikiri amepata mlango wa kutokea.

Mzee Minani alikuwa amesikia neno moja tu katika maneno yote yale, jina la mwanawe, naye akaamini ni mwanawe aliyeko kwenye simu. Akaishika kwa mikono miwili. "Mwana wanje!" akapaza sauti kwa Kiha, akimwuliza mwanawe kama yu mzima, machozi yakimtiririka. "Uraho, mwana wanje?"

Upande wa pili mtu alicheka. Sauti ikasema, si kwa mzee bali kwa wenzake chumbani: "Mnasikia? Ukoo mzima ni Warundi." Simu ikakatwa.

Josephina alipiga tena, na tena, mpaka sauti ya mashine ikamwambia hana salio. Alishuka akaenda nyuma ya jiko, kwenye migomba, mahali ambapo hakuna mtu. Akafungua mdomo, akalitamka lile jina kwa mnong'ono, mara moja. Akangoja. Mbingu haikuanguka. Ndipo alipokaa chini akalia, maana kumbe lilikuwa jepesi hivyo.

*

Siku mbili baadaye ndugu yake Evaline, anayeuza ndizi stendi ya Kibondo, alipiga akihema.

"Dada, shemeji amepita hapa!"

"Amepita vipi?"

"Kwenye lori, na watu wengine. Wanapelekwa mpakani. Limesimama dereva anywe chai, nikaona mguu umefungwa vijiti, nikatazama uso, ni yeye. Nimemwita, akainua mkono. Nikamrushia ndizi, askari akasema nikisogea tena nitapanda na mimi."

"Kasulu watasimama?"

"Watalala Kasulu. Kesho alfajiri ni Manyovu, wanavushwa. Kimbia, dada!"

Fikiri hilo kidogo, usilimeze kama uji. Mtu anatolewa kaskazini akiwa na mfupa uliovunjika, anapitishwa Kibondo, anapitishwa Kasulu, chini ya mlima alikozaliwa, ili apelekwe ng'ambo akaambiwe: haya, umefika kwenu.

Josephina alimpandisha mzee kwenye bodaboda, yeye akakaa nyuma amemkumbatia asidondoke, jambo ambalo mkwe hafanyi kabisa, na watu wa Heru Juu waliowaona njiani wakageuza nyuso zao pembeni kwa aibu. Yeye hakugeuza.

Bwana wa uhamiaji aliyekuwa akipokea lori hilo pale Kasulu aliitwa Godson, kijana aliyenyoa vizuri, ameletwa kikazi kutoka Mtwara. Hakuwa mtu mbaya. Ubaya hauhitaji watu wabaya. Unahitaji watu waliochoka tu.

"Mama, mimi nasoma nilichoandikiwa. Hapa imeandikwa mke ameshindwa kutaja jina la mkwe. Mke gani huyo?"

"Ni mila, baba."

"Mila." Aliliweka neno mezani kama kitu kilichookotwa. "Kwangu mimi mgeni, ninyi na wale wa ng'ambo mnaongea sawasawa. Nitawatenganishaje?"

Mzee Minani alisafisha koo, akajibu kwa Kiswahili chake cha mkonge, kilichonyooka kuliko fimbo yake. "Mwanangu, huko kwenu Mtwara, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma wanaongea Kichina?"

Karani mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Godson naye aliinamisha uso. Alipoinua tena, sauti ilikuwa imepungua ukali.

"Sikilizeni. Lori likishafika, sina mamlaka ya kumshusha mtu kwa neno la ndugu. Nileteeni watu watatu wasio ndugu. Waje na kadi zao, wasimame mbele yangu, waseme: huyu tunamjua. Watatu tu. Kabla lori halijaondoka alfajiri."

Watatu. Josephina alitoka pale karibu aruke. Katika mji ambao mumewe amebeba mizigo ya nusu ya wafanyabiashara, watatu ni nini?

Alianza kwa Shamsi, mwenye duka la jumla, ambaye magunia yake Nicodemus aliyashusha msimu baada ya msimu. Shamsi alimsikiliza huku akifuta meza iliyokwisha kuwa safi.

"Shemeji, wallahi roho inaniuma. Lakini babu yangu mimi alikaa Ujiji, na kabla ya Ujiji sijui alitoka wapi. Nikisimama pale na kadi yangu, swali la kwanza litakuwa la mumeo. La pili litakuwa langu."

"Useme tu unamjua."

"Namjua! Nani asiyemjua Nico?" Akateremsha pakiti ya sukari kutoka rafuni. "Chukua, mpe mzee anywe chai."

Josephina aliitazama sukari ile. Akaiacha mezani.

Mwalimu mstaafu aliyemfundisha Nicodemus kusoma hakumkaribisha ndani. Alisimama amejibana mlangoni. "Pensheni yangu yenyewe bado inazungushwa, mama. Nikianza kubishana na serikali..." Akatikisa kichwa. "Mtoto yule alikuwa na mwandiko mzuri sana." Kisha akafunga mlango polepole, kwa adabu, kama mtu anayemfungia mgonjwa.

Wa tatu, mkewe alisema hayupo, na viatu vyake vilikuwa kizingitini.

*

Lori liliingia jua likielekea kuzama. Stendi nzima ilijua, na stendi nzima ikajaa, kwa kuwa kutazama hakuhitaji kadi. Nicodemus alikuwa amelazwa kwenye bodi la nyuma, mguu umevimba mpaka ngozi inang'aa, na kwenye nywele zake bado kulikuwa na majivu ya mlima ule.

"Mama Theodosia," alisema alipomwona. Kisha akamwona baba yake, akajaribu kukaa, akashindwa. "Baba, samahani. Sikuweza kuwasalimu nikiwa nimesimama."

Josephina alimgeukia mzee. Akapiga magoti vumbini mbele ya watu wote, akapiga makofi ya taratibu kama mwanamke wa Kiha anavyomsalimu mkwe.

"Baba, nipe ruhusa."

Mzee aliielewa ruhusa aliyoombwa. "Litaje," akasema. "Ni langu, nimekupa. Bora lichakae kinywani mwako kuliko kuzikwa ng'ambo pamoja na mwanangu."

Josephina alisimama, akamkabili Godson. "Mume wangu ni Nicodemus Minani!" Wanawake wa Heru Juu waliokuwepo wakaziba midomo. "Baba yake ni Minani, huyu hapa! Minani aliyekata mkonge Tanga! Minani wa Heru Juu!" Kila alipolitaja sauti ilipanda, mpaka ikapasuka.

Godson alimwacha amalize. Kisha akasema taratibu, na kwa huzuni ya kweli: "Mama, juzi hukulijua. Leo unalijua. Wakubwa watauliza nani amekufundisha."

Hivyo ndivyo mtu anavyonyang'anywa vyote viwili: alipoheshimu aliitwa mwongo, na alipovunja heshima akaitwa mwongo aliyefundishwa.

Godson akapanda kwenye kibao cha mlango wa lori ili aonekane. "Nani hapa anamjua mtu huyu? Asiye ndugu, mwenye kadi!"

Mtu alikumbuka kufunga kamba ya kiatu. Mwingine akapigiwa simu ambayo haikulia. Wale vijana wa bodaboda, wanaojua siasa zote za Dar es Salaam kwa majina, walianza kukagua matairi. Shamsi alikuwepo, kwenye kivuli cha duka lake, amekunja mikono.

"Mimi."

Alikuwa Mwanahawa, mke wa Shamsi. Alipita katikati ya watu ameshika kadi juu, mtandio umemteleza begani, na mumewe nyuma anamwita kwa sauti ndogo, "Mama Isihaka! Mama Isihaka, rudi!" Hakurudi.

"Namjua," alimwambia Godson. "Huyu alichimba kaburi la mwanangu Isihaka. Mvua ilikuwa inanyesha na watu wa dini yetu wamejificha barazani. Yeye Mkristo alikuwa ndani ya shimo, tope mpaka kiunoni. Andika: Mwanahawa anamjua. Ukitaka kuniuliza babu yangu alitoka wapi, uliza, nitakujibu yote."

Godson aliitazama kadi, akamrudishia kwa mikono miwili. "Mmoja," akasema. Akauangalia umati, na sasa ilikuwa kama yeye ndiye anayeomba. "Bado wawili. Jamani. Wawili tu."

Hakuna aliyetoka. Giza likaingia, likawapa watu mahali pa kwendea, na stendi ikapukutika.

Na kwa kuwa wawili hawajatokea, lori bado lipo. Josephina amekaa mbele ya gurudumu, ameegemeza mgongo, ili likiwashwa lianze na yeye. Mzee Minani ameshika kidole cha mwanawe kupitia ubavu wa bodi, hataki kukiachia. Mwanahawa amekaa nao, mumewe amemfungia mlango wa kwake. Nicodemus ana homa tena, na kila anapoongea Kiha anajiziba mdomo kwa kiganja chake mwenyewe.

Nawe umelisoma jina lake, la baba yake na la mlima wake. Umejua kwa nini mkewe alinyamaza. Basi humjui kwa lipi? Usiniambie utaandika, usiniambie inasikitisha, usiniulize kama wengine wamekwenda. Wengine ndio wewe. Chukua kadi yako hapo ilipo, amka, na umwamshe jirani yako, kwa sababu wanatakiwa wawili. Nendeni Kasulu, simameni mbele ya lori, semeni mnamjua. Sasa hivi, kabla dereva hajanawa uso.